Seli Shina za Uboho na Uwiano wa Kinga Baada ya Kupandikizwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Familia za Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Familia nyingi za Kisumu, Siaya, Homa Bay, Busia na Kakamega husikia habari za kupandikizwa uboho kwa mara ya kwanza kwa sababu mtoto ana selimundu au jamaa amepatikana na saratani ya damu. Maswali yaliyo hapa ni yale yanayoulizwa kliniki, katika vikundi vya WhatsApp vya wazazi, na hata katika mikutano ya harambee wakati watu wanapotaka kujua fedha wanazochanga zinakwenda kununua nini. Yote yanahusu jambo moja, yaani namna kinga mpya inavyojifunza kukaa ndani ya mwili usiokuwa wake. Jambo hili linastahili maelezo marefu, kwa kuwa mgonjwa akisharudi kutoka India, alikokwenda kupandikizwa, watu hudhani kazi imekwisha, ilhali kazi ya kinga ndiyo kwanza inaanza.

Uboho una uhusiano gani na kinga ya mwili?

Uboho ni ute mzito ulio ndani ya mifupa, na kwa mtu mzima sehemu inayotengeneza damu hupatikana zaidi katika nyonga, uti wa mgongo, mbavu na kidari. Ndani yake mna seli shina za damu, ambazo ni chache lakini zina uwezo wa kuzaa nyingine kama zenyewe na pia kuzaa chembe nyekundu, chembe za kugandisha damu na chembe nyeupe za aina zote. Chembe nyeupe ndizo askari wa mwili: zipo zinazomeza vijidudu, zipo seli B zinazotengeneza kingamwili, na zipo seli T ambazo hutambua kilicho cha mwili na kilicho kigeni. Kwa hiyo mtu anayepewa uboho hapewi damu peke yake, bali anapewa chanzo kipya cha kinga yake yote.

Husemwa “seli shina za uboho”. Je, zote ni za aina moja?

Hapana, na kutozitenganisha kumewapotosha watu wengi. Aina ya kwanza ni seli shina za damu tulizozitaja. Aina ya pili ni seli za mesenkaima, ambazo hazizai damu; huzaa mfupa, gegedu na mafuta, na huzitunza seli shina za damu kwa kuzipa makao na kemikali zinazozihitaji. Mwanasayansi Alexander Friedenstein, aliyefanya kazi Moscow, alizieleza katika miaka ya 1960 na 1970, na jina linalotumika sana leo lilienezwa na Arnold Caplan wa Marekani mwaka 1991. Ni adimu mno: katika uboho wa mtu mzima hupatikana takriban moja kati ya seli 10,000 hadi 100,000, na ndiyo sababu zikihitajika kwa tiba lazima zikuzwe kwanza katika maabara.

Aina zote mbili hushiriki katika kuleta uwiano wa kinga, lakini kwa njia tofauti kabisa. Baada ya kupandikizwa, damu ya mgonjwa hugeuka kuwa ya mtoaji, lakini seli za mesenkaima zilizo katika mifupa yake kwa kawaida hubaki zake mwenyewe. Hivyo seli shina za mgeni hulelewa na seli za mwenyeji, ambazo nazo huwa zimeumizwa na dawa kali zilizotangulia.

Kinga inayofanya kazi baada ya kupandikizwa ni ya nani?

Kabla ya kupokea uboho, mgonjwa hupewa kemotherapi, na pengine mionzi, ili kupunguza au kuondoa uboho wake wa zamani na kuidhoofisha kinga ambayo ingeukataa uboho mpya. Edward Donnall Thomas, daktari wa Marekani, alichapisha taarifa za mwanzo za tiba hii mwaka 1957, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990 baada ya miongo mingi ya kazi ambayo wenzake wengi waliiona haina mbele.

Seli za mtoaji huingizwa kwa mshipa kama damu ya kawaida, kisha zenyewe husafiri hadi ndani ya mifupa. Katika miezi ya mwanzo mwili huwa na masalia ya kinga ya zamani, seli T zilizokomaa ambazo zilikuja pamoja na uboho uliotolewa, na seli changa zinazoanza kuzaliwa upya. Ni hizi za katikati, zilizokomaa katika mwili wa mtu mwingine, zinazosababisha matatizo mengi. Madaktari hupima damu mara kwa mara ili kujua ni asilimia ngapi ya seli ni za mtoaji na ngapi ni za mpokeaji, na familia ina haki ya kuambiwa matokeo hayo na kuyaandika katika daftari lake.

Kwa nini seli za mtoaji humshambulia mpokeaji?

Karibu kila seli ya mwili yenye kiini hubeba juu yake alama zinazoitwa HLA. Jean Dausset wa Ufaransa alieleza alama ya kwanza ya aina hii mwaka 1958, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1980. Jeni zake zimo katika kromosomu ya 6, na mtoto hurithi nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Ndiyo sababu kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana uwezekano wa moja kati ya nne wa kulingana kikamilifu na mgonjwa. Katika familia zetu kubwa hilo ni jambo la heri. Lakini katika boma lenye wake wawili au watatu, ni lazima ieleweke kwamba ndugu wa baba mmoja na mama tofauti kwa kawaida hawezi kulingana zaidi ya nusu, na hilo lisiwe sababu ya lawama nyumbani.

Seli T za mtoaji zikikutana na alama zisizozifahamu, huziona kama adui. Hata alama za HLA zikilingana zote, kuna tofauti nyingine ndogo ndogo za protini ambazo zinaweza kuziamsha. Kemotherapi huchangia: huumiza ukuta wa utumbo, bakteria huvuja, mwili hutoa kemikali za tahadhari ziitwazo saitokini, na seli T za mtoaji huingia katika hali hiyo zikiwa tayari zimechokozwa. Matokeo yake huitwa ugonjwa wa pandikizi dhidi ya mpokeaji, ambao katika barua za hospitali huandikwa GVHD. Ule wa ghafla hushika hasa ngozi, utumbo na ini, mara nyingi ndani ya siku 100 za kwanza. Ule wa muda mrefu huweza kushika pia macho, kinywa, viungo na mapafu.

Basi mwili hufikiaje uwiano?

Jibu la swali hili lilianza kupatikana kwa ng’ombe. Wafugaji wanajua kwamba ndama jike aliyezaliwa pacha na dume mara nyingi huwa tasa. Mwaka 1945 Ray Owen, aliyekuwa Wisconsin, alionyesha kwamba mapacha kama hao, waliochangia mishipa ya damu wakiwa tumboni, huendelea kuwa na damu ya aina mbili hata wakiwa wakubwa, na hakuna kinga inayoishambulia ya mwenzake. Seli shina za damu zilikuwa zimevuka mapema, na kila mwili ukajifunza kuzihesabu seli za pacha wake kuwa zake. Peter Medawar na wenzake walithibitisha jambo hilo kwa panya mwaka 1953, naye akapewa Nobel pamoja na Frank Macfarlane Burnet mwaka 1960.

Kwa mgonjwa aliyepandikizwa, kujifunza huko hufanyika mahali pawili. Mahali pa kwanza ni tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya kidari. Seli changa zinazotoka kwenye uboho mpya huenda huko kukomaa na kuwa seli T, na zile zinazoonyesha dalili za kuushambulia mwili huuawa kabla ya kutoka. Kuta za tezi ni za mpokeaji, lakini baadhi ya seli zinazofundisha ndani yake huzaliwa na uboho wa mtoaji, kwa hiyo seli T mpya hujifunza kuwavumilia wote wawili. Udhaifu wa njia hii ni kwamba tezi hiyo hunywea kadiri mtu anavyozeeka, na huumizwa na kemotherapi pamoja na GVHD yenyewe. Hii ni mojawapo ya sababu zinazowafanya watoto wapone vizuri zaidi kuliko watu wazima.

Mahali pa pili ni katika damu na viungo vyenyewe, ambako kazi hufanywa na seli T dhibiti. Hizi si seli za kushambulia. Kazi yake ni kuzizuia nyingine. Shimon Sakaguchi wa Japani alizitambulisha mwaka 1995, na mwaka 2025 alishiriki Tuzo ya Nobel na Mary Brunkow na Fred Ramsdell, waliogundua jeni ya FOXP3 ambayo bila hiyo seli hizo haziwezi kufanya kazi. Mtoto anayezaliwa na kasoro katika jeni hiyo hushambuliwa na kinga yake mwenyewe tangu utotoni. Uboho una akiba kubwa ya seli T dhibiti, na uchunguzi wa panya umeonyesha kwamba hukusanyika karibu na seli shina za damu, kana kwamba zinazikinga. Mwaka 2011 watafiti wa Perugia, Italia, walichapisha matokeo ya wagonjwa 28 waliopewa seli hizo kutoka kwa mtoaji kabla ya kupewa seli shina za damu na seli T za kawaida, na wachache sana walipata GVHD ya ghafla ingawa mtoaji alilingana nao nusu tu.

Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Kinga iliyotulia si kinga dhaifu. Ni kinga iliyo na seli za kushambulia na seli za kuzuia kwa kadiri inayofaa, na mwili huchukua muda kuipata kadiri hiyo.

Seli za mesenkaima hutulizaje kinga iliyocharuka?

Zenyewe hazianzi kazi mpaka zisikie vurugu. Seli T zinazoshambulia hutoa saitokini, hasa intaferoni gama, na seli za mesenkaima zikiipata hubadilika. Huanza kutengeneza kimeng’enya kiitwacho IDO, ambacho huvunja triptofani, kirutubisho ambacho seli T haziwezi kuongezeka bila hicho. Hutoa pia prostaglandini E2, ambayo huzigeuza makrofaji, yaani chembe nyeupe zinazomeza vijidudu na seli zilizokufa, kutoka hali ya kushambulia hadi hali ya kutuliza na kuponya tishu, na saitokini nyingine zinazochochea kuzaliwa kwa seli T dhibiti. Inafaa kutaja kwamba kwa panya kazi ya IDO hufanywa kwa kiasi kikubwa na oksidi ya naitriki badala yake, kwa hiyo matokeo ya panya yasibebwe moja kwa moja hadi kwa binadamu.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba seli hizi zikitiwa mshipani huenda zikakaa katika kiungo kilichoumia. Sivyo. Nyingi hunaswa katika mapafu na kutoweka ndani ya siku chache. Mwaka 2017 watafiti wa King’s College London walionyesha jambo la kushangaza: seli hizo huuawa na kinga ya mgonjwa, kisha humezwa na makrofaji, na makrofaji hayo ndiyo yanayoanza kutengeneza IDO na kutuliza vurugu. Wagonjwa ambao damu yao iliweza kuziua ndio waliopata nafuu. Kufa kwake, kwa maneno mengine, ni sehemu ya kazi yake, na hilo linaeleza kwa nini tiba hii huwafaa baadhi ya wagonjwa na kuwapita wengine.

Je, tiba hiyo imethibitishwa?

Imethibitishwa kwa sehemu. Mwaka 2004 Katarina Le Blanc na wenzake wa Sweden walieleza habari za mvulana wa miaka 9 mwenye GVHD kali isiyosikia dawa, ambaye alipata nafuu baada ya kupewa seli za mesenkaima za mama yake. Taarifa hiyo iliamsha matumaini duniani kote. Hata hivyo, jaribio kubwa lililofuata, lililokuwa na wagonjwa 260, halikufikia lengo lake kuu. Kwa watoto matokeo yalikuwa bora: katika uchunguzi wa watoto 54 ambao steroidi, dawa za kutuliza kinga, hazikuwasaidia, takriban asilimia 70 waliitikia tiba kufikia siku ya 28, na Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya seli hizo kwa watoto wa kuanzia miezi miwili. Japani ilikuwa imeidhinisha dawa ya namna hiyo mwaka 2015.

Tiba ya kwanza ya GVHD ya ghafla bado ni steroidi. Zisipofaulu, wagonjwa wa miaka 12 na zaidi mara nyingi hupewa ruksolitinibu, iliyoidhinishwa Marekani kwa kazi hiyo mwaka 2019.

Mbona madaktari wasiizime kinga ya mtoaji kabisa?

Kwa sababu mgonjwa atakufa kwa maambukizi, na kwa mwenye saratani ya damu kuna sababu nyingine nzito. Seli T za mtoaji zinazoweza kushambulia ngozi ndizo pia zinazosaka seli za saratani zilizobaki. Tangu mwaka 1990, Hans-Jochem Kolb wa Ujerumani alipoeleza wagonjwa ambao saratani ilirudi kisha ikaondoka walipoongezewa chembe nyeupe za mtoaji, madaktari wamejua kwamba sehemu kubwa ya uponyaji hufanywa na kinga hiyo. Kwao lengo ni kuipunguza bila kuiua.

Kwa selimundu hali ni tofauti. Hakuna saratani ya kusakwa, kwa hiyo GVHD haina faida yoyote, hata kidogo. Ni hasara tupu, na daktari wa selimundu ana kila sababu ya kuikwepa kwa nguvu zote.

Mtoto wetu ana selimundu. Je, ni lazima damu yake yote iwe ya mtoaji?

Si lazima, na habari hii huwapa wazazi wengi pumzi. Chembe nyekundu zenye selimundu huishi siku 10 hadi 20 hivi, ilhali chembe za kawaida huishi siku 120. Hata kama seli za mtoaji ni sehemu ndogo tu ya uboho, chembe nyekundu zake hudumu na kujaa katika damu huku zile za ugonjwa zikipotea upesi. Uchunguzi umeonyesha kwamba takriban asilimia 20 ya seli za mtoaji katika uboho hutosha kuuondoa ugonjwa.

Mwaka 2009 watafiti wa taasisi ya taifa ya afya ya Marekani, huko Bethesda, walieleza watu wazima 10 wenye selimundu waliopewa dawa za maandalizi zisizo kali sana, pamoja na sirolimasi, dawa inayozidhibiti seli T za kushambulia huku ikizihifadhi zaidi zile dhibiti. Tisa kati yao seli za mtoaji zilishika, na hakuna aliyepata GVHD. Walibaki na kinga ya watu wawili zikiishi pamoja, kama wale ng’ombe wa Owen. Ndugu anayebeba jeni moja tu ya selimundu, yaani AS, anaweza kuwa mtoaji. Mwenye SS, yaani mwenye ugonjwa wenyewe, hawezi.

Ni bora kutoa uboho wenyewe au seli zinazokusanywa kwenye damu?

Siku hizi mtoaji anaweza kudungwa dawa kwa siku chache ili seli shina zitoke kwenye mifupa na kuingia katika damu, kisha zichujwe kwa mashine. Njia hii ni rahisi, lakini huja na seli T nyingi zaidi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2012 liliwalinganisha wapokeaji wa makundi hayo mawili, wakiwa na watoaji wasio jamaa zao: GVHD ya muda mrefu iliwapata asilimia 53 ya waliopewa seli za damu na asilimia 41 ya waliopewa uboho, na urefu wa maisha haukutofautiana. Kwa mtoto wa selimundu, ulizeni waziwazi ni njia gani itatumika na kwa nini.

Tusipopata ndugu anayelingana?

Sajili za watoaji duniani zina zaidi ya watu milioni 40, lakini wenye asili ya Afrika ni wachache humo ilhali alama zao za HLA zina tofauti nyingi, kwa hiyo Mkenya hupata wa kulingana naye kwa shida. Njia inayotumika zaidi sasa ni mzazi, mtoto au ndugu anayelingana nusu. Wataalamu wa Johns Hopkins, Baltimore, walikuza mbinu ya kumpa mgonjwa dawa ya saiklofosfamidi siku ya tatu na ya nne baada ya seli kuingia. Kufikia hapo seli T zinazomchukia mpokeaji ndizo zinazojigawa kwa kasi, na dawa hiyo huzivunja nguvu. Seli shina za damu na seli T dhibiti zina kimeng’enya kinachoimaliza sumu ya dawa, zikabaki. Hapo awali uboho wa kulingana nusu ulikuwa hatari kubwa. Leo baba au mama wa mtoto wa Vihiga anaweza kuwa mtoaji wake.

Kinga huchukua muda gani kurudi?

Chembe za kwanza kurudi, neutrofili, huonekana baada ya wiki mbili hadi nne. Seli za NK, chembe nyeupe zinazoua seli zilizoambukizwa virusi, hufuata ndani ya mwezi mmoja au miwili. Seli B huchukua miezi kadhaa hadi mwaka na zaidi, na seli T za kusaidia huweza kuhitaji mwaka au miaka miwili. Hesabu ya chembe nyeupe ikisoma vizuri kwenye karatasi ya maabara, isidhaniwe kwamba kinga imekamilika.

Tukirudi nyumbani kutoka India, tuangalie nini?

Malaria kwanza. Chembe nyekundu sasa ni za mtoaji, na mazoea ya kinga dhidi ya malaria aliyoyajenga mgonjwa tangu utotoni huwa yamepotea kwa sehemu kubwa, kwa hiyo mtu wa Ahero au Nyando alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku na afuate dawa za kuzuia kama alivyoandikiwa. Penisilini na Septrin zisiachwe kwa sababu mgonjwa anajisikia vizuri. Wengu wa mwenye selimundu mara nyingi huwa umeharibika tangu zamani, na kupandikizwa hakuufufui palepale.

Chanjo za utotoni huanza upya kana kwamba hazikupata kutolewa. Zile za vijidudu vilivyouawa huanza kati ya miezi 3 na 12, lakini zile hai, kama ya surua na homa ya manjano, husubiri angalau miezi 24, tena iwapo hakuna GVHD wala dawa za kupunguza kinga. Wahudumu wa kampeni ya polio wakibisha mlangoni na matone, waelezwe kwamba nyumbani mna mgonjwa aliyepandikizwa, ili hata wadogo zake wapate ushauri wa kupewa chanjo ya sindano badala yake.

Dawa za kutuliza kinga kama saiklosporini na takrolimasi hupimwa katika damu kwa sababu kidogo kikizidi hudhuru figo na kikipungua huamsha GVHD. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha sana kadiri yake, baadhi ya dawa za fangasi huipandisha, na balungi huipandisha pia. Dawa yoyote ya duka au ya miti shamba isinywewe kabla ya kuuliza.

Ni dalili zipi zinazohitaji hospitali siku hiyo hiyo?

Homa ya nyuzi 38 au zaidi, hata bila maumivu. Vipele vyekundu vinavyoanzia viganja, nyayo, masikio au shingo. Kuhara maji mengi, macho kuwa ya manjano, kupumua kwa shida, au malengelenge ya mkanda wa jeshi. Ukiwa Kisumu fika Jaramogi, ambayo wengi bado huiita Russia, au hospitali kubwa iliyo karibu nawe, na useme sentensi ya kwanza kabisa kwamba mgonjwa amepandikizwa uboho, kwa kuwa asiyejua hilo anaweza kumtibu malaria peke yake na kumrudisha nyumbani. Kukauka kwa macho na kinywa au ngozi kukaza si dharura ya usiku, lakini kusisubiri miezi.

Tunauziwa unga na vidonge vya “stem cell”. Je, vinasaidia?

Havina uhusiano wowote na yaliyoelezwa hapa. Seli hai haiwezi kukaa katika pakiti juu ya rafu, na ingekuwapo ingemeng’enywa tumboni kama chakula kingine. Bidhaa inayodai “kuongeza kinga” inaweza hata kumdhuru mtu ambaye madaktari wanapigania kuituliza kinga yake. Inaniuma kuona wazazi waliouza ng’ombe wakitumia sehemu ya fedha hizo kwa vitu hivi.

Je, mtoaji hupungukiwa na kinga?

Hapana. Uboho hutolewa kwenye mfupa wa nyonga akiwa amelazwa usingizi wa dawa, na mwili huurudisha ndani ya wiki chache. Maumivu ya kiuno na uchovu ni vya kawaida.

Mgonjwa wa figo akipewa uboho wa mtoaji wa figo, anaweza kuacha dawa?

Limewezekana kwa wachache. Mwaka 2008 madaktari wa Massachusetts General Hospital, Boston, walieleza wagonjwa watano waliopewa figo na uboho wa mtu mmoja. Wanne waliacha dawa za kupunguza kinga na figo zikaendelea kufanya kazi. Bado si tiba ya kawaida, na aliyepandikizwa figo Eldoret au kwingineko asiache dawa zake kwa sababu amesoma habari hizi.

Mgonjwa wa uboho huacha lini dawa za kutuliza kinga?

Tofauti na wa figo, wengi huacha. Aliyepewa uboho wa ndugu anayelingana, asipopata GVHD, mara nyingi huanza kupunguziwa dozi baada ya miezi kadhaa, na kwa mwenye selimundu madaktari hupendelea kusubiri zaidi ili asiupoteze uboho mpya. Anayeishi na kinga ya watu wawili hupunguziwa sirolimasi seli T za mtoaji zikivuka nusu na kubaki hapo. Zisipovuka, huendelea nayo. Dozi hushushwa hatua kwa hatua, damu ikipimwa kila baada ya hatua, na iwapo vipele au kuhara kutatokea wakati huo, dozi hurudishwa juu na kipimo cha seli za mtoaji hurudiwa.